Somo la Robo Hii: Kamati Inapotembelea Maabara ya Utafiti



Kamati ya mradi ya Tumati imependekeza kupeleka wajumbe 5 Arusha kutembelea maabara zinazotumia teknolojia ya mwanga na kompyuta katika kilimo na afya. Wazo ni zuri. Lakini nauli, malazi na chakula cha watu watano ni fedha ambayo ingeweza kununua mbegu kwa kaya kadhaa. Tena kuna muuzaji ambaye amekwisha kuishawishi kamati inunue kifaa cha mkononi cha kupimia udongo kwa fedha ya mradi. Kwa hiyo safari hii si matembezi. Wajumbe wakirudi watatakiwa kusema "tununue" au "tusinunue", na kaya zilizochanga zitaishi na uamuzi huo.

Lengo la somo: Baada ya kulisoma, kamati iweze (a) kueleza kwa lugha nyepesi leza ni nini na kompyuta hujifunzaje, (b) kuandaa maswali ya kuuliza maabara, (c) kudai majibu yarudi kijijini.

1. Leza ni nini?

Mwanga wa kibatari au wa jua husambaa kila upande, na ndani yake umechanganyika rangi nyingi. Upinde wa mvua hutuonyesha rangi hizo zikitengana. Leza ni mwanga wa rangi moja, unaokwenda upande mmoja bila kutawanyika ovyo. Leza ya kwanza iliwashwa na mwanafizikia Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kipande cha jiwe la rubi. Ndiyo sababu UNESCO huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Mwanga kila tarehe 16 Mei, tangu mwaka 2018.

Wengi wetu tumekwisha kuhudumiwa na leza bila kujua. Mashine nyingi zilizohesabu CD4 za ndugu zetu wanaoishi na VVU zilitumia mwanga wa leza kutambua chembe za damu. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, leza imetumika kutibu macho ya wagonjwa wa kisukari ili wasipofuke. Mkongo wa SEACOM, ulioanza kutoa huduma Dar es Salaam mwezi Julai 2009, ni nyuzi za kioo chini ya bahari, na kinachobeba ujumbe ndani yake ni mwanga wa leza. Picha mnayomtumia kijana wenu aliye ng'ambo kwa simu husafiri sehemu kubwa ya njia kwa mwanga huo.

Hivyo mjumbe asiingie maabara kwa hofu, akidhani anakwenda kuona miujiza. Atakachokiona ni vyombo vilivyotengenezwa na watu, vyenye uwezo wake na mipaka yake.

2. Mwanga unaosoma udongo

Nairobi, eneo la Gigiri, kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa miti na kilimo kiitwacho ICRAF. Maabara yake ya udongo inajulikana Afrika nzima kwa kupima udongo kwa mwanga. Kazi hufanyika hivi: udongo mkavu uliosagwa laini huwekwa kwenye kikombe kidogo, kisha humulikwa kwa mwanga wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho lakini unaoweza kuhisiwa kama joto. Kila kitu kilichomo katika udongo, kama vile mfinyanzi au mboji, hunyonya sehemu yake ya mwanga huo. Mwanga unaorudi huwa na mabonde na vilima, na mchoro huo ni kama alama ya kidole ya udongo husika. Katika mashine za namna hii, leza hufanya kazi ya rula: hupima mwendo wa kioo kidogo kilicho ndani ili vipimo visiyumbe.

Kusoma sampuli moja huchukua muda mfupi sana ukilinganisha na upimaji wa kemikali, ambao huweza kuchukua siku kadhaa. Hapo ndipo wageni wengi hushangilia na kuacha kuuliza. Lakini mchoro peke yake hausemi lolote. Kompyuta hulinganisha mchoro wa udongo wako na michoro ya sampuli nyingine ambazo zilikwisha kupimwa kwa kemikali. Mradi wa AfSIS, ulioanza mwaka 2009, ulikusanya udongo kutoka maeneo 60 ya Afrika kusini mwa Sahara, kila eneo likiwa na ukubwa wa kilometa 10 kwa 10, ili kujenga hazina ya aina hiyo. Bila hazina hiyo, mashine ni kama mgeni aliyekuja kijijini asiyemfahamu mtu yeyote.

Jambo la pili la kukumbuka: mwanga hausomi vyote kwa ubora ule ule. Husoma vizuri kiasi cha mboji na mfinyanzi, na hukadiria uchachu kwa kiwango cha kuridhisha. Lakini fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia haisomwi vizuri kwa njia hii. Na fosforasi ndiyo inayomfanya mkulima aamue kununua au kutonunua mbolea ya DAP. Basi muuzaji akituambia kifaa chake cha mkononi kinasoma kila kitu kwa dakika moja, tunalo swali la kumuuliza.

3. Asilimia 92 maana yake nini?

Mfano wa pili unatoka Ifakara, mkoani Morogoro. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, na leo ni kati ya taasisi kubwa za utafiti wa afya nchini. Mwaka 2019 watafiti wake pamoja na wenzao walichapisha kazi iliyotumia mwanga wa infraredi na kompyuta kutambua vimelea vya malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Damu ilitoka kwa watu 296 wa vijiji vya kusini-mashariki mwa Tanzania. Majibu yalilinganishwa na kipimo cha vinasaba, na kompyuta ilipatia kwa asilimia 92.

Ni kazi ya kujivunia, tena imefanyika hapa kwetu. Hata hivyo tujifunze kuisoma namba hiyo. Chukulia tunapima watu 1,000 mahali penye malaria kidogo, na kati yao ni 10 tu wanaoumwa. Kipimo kinachopatia asilimia 92 kwa wagonjwa na kwa wazima kitawagundua wagonjwa kama 9. Lakini kati ya wazima 990, asilimia 8 wataambiwa wanaumwa, nao ni watu kama 79. Hivyo kati ya watu 88 watakaoambiwa wana malaria, wagonjwa wa kweli ni 9 tu. Mahali penye malaria nyingi hesabu hiyo hubadilika kabisa. Kipimo ni kile kile, ila mahali panapotumika ni tofauti. Sisi wa nyanda za juu za Mbulu hatuwezi kuchukua namba ya mabonde ya Kilombero na kuibandika kwetu bila kupima upya.

Watafiti wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2023 walichapisha kazi nyingine kuhusu kukadiria umri wa mbu kwa njia hiyo hiyo, wakitumia mbu waliofugwa Ifakara na wengine waliofugwa Glasgow, Uskoti. Walichokuwa wakikitafuta ni namna ya kuifanya kompyuta iliyofundishwa kwa mbu wa mahali pamoja iweze kuwatambua wa mahali pengine, maana bila msaada hukosea. Mtafiti mwaminifu hukuambia mahali chombo chake kinaposhindwa.

4. Kompyuta hujifunzaje?

Mtoto wa mfugaji hajui ng'ombe kwa kusoma kitabu. Anaonyeshwa: huyu ni wetu, yule ni wa jirani, huyu anaumwa. Akishaonyeshwa mara nyingi, anamtambua ng'ombe wake hata katikati ya kundi la mnadani. Kompyuta nayo hufundishwa kwa mifano. Hupewa picha nyingi, kila moja ikiwa na jina lake, mpaka iweze kutaja jina la picha ambayo haijawahi kuiona.

Mfano wa karibu nasi ni Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo upande wa Tengeru, Arusha, ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Watafiti wake wamekusanya zaidi ya picha 18,000 za majani ya mahindi yenye afya na yenye magonjwa, kwa ajili ya kufundishia kompyuta. Kati ya magonjwa hayo ni ule wa kuua mahindi kabisa, ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kuingia Tanzania mwaka 2012. Anayelima mahindi Tumati hahitaji kuelezwa hasara ya shamba linalokauka kabla ya kubeba.

Kazi ya kufundisha huhitaji kompyuta yenye nguvu. Kazi ya kutumia kilichofundishwa huweza kufanywa na simu ya kawaida. Tofauti hii ni muhimu kwa kamati, kwa sababu usharika hauhitaji kununua kompyuta kubwa. Unachoweza kuchangia ni mifano: majani, udongo na kumbukumbu za mavuno ya Tumati.

Hapa tujifunze pia kutoka India. Marekani ilipoweka vikwazo vya kuiuzia kompyuta zenye nguvu kabisa katika miaka ya 1980, India ilianzisha mwaka 1988 taasisi yake iitwayo C-DAC, na mwaka 1991 ikatoa kompyuta yake kuu iitwayo PARAM 8000. Baadaye India hiyo hiyo iliisaidia Tanzania kupata kompyuta za ukoo huo wa PARAM. Aliyenyimwa alijifunza kutengeneza, kisha akawa mtoaji.

5. Kabla ya safari

(a) Andikeni barua mapema, si siku tatu kabla. Tajeni idadi ya wajumbe, mnachotaka kuona, na kwamba mtahitaji maelezo kwa Kiswahili.

(b) Chagueni wajumbe kwa kazi zao, si kwa vyeo vyao. Angalau awepo mama anayelima mwenyewe, kijana anayejua kuandika taarifa, na mtu anayeshika fedha. Mzee anayejua historia ya mashamba ni hazina pia: atasema shamba lipi lilikuwa boma la ng'ombe na lipi limelimwa bila kupumzika.

(c) Nendeni na udongo wenu. Katika shamba moja chukueni udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimeta 20. Epukeni penye kichuguu, njia, au mahali palipokuwa na lundo la samadi. Changanyeni kwenye ndoo safi, kisha chukueni kama nusu kilo. Anikeni kivulini, si juani wala jikoni. Msitumie mfuko uliowahi kuwa na mbolea, maana utapima mbolea na si shamba. Andikeni jina la shamba, tarehe na zao la mwisho.

(d) Fanyeni jaribio la mifuko miwili. Udongo wa shamba moja ukishachanganywa vizuri, ugawanyeni katika mifuko miwili yenye majina tofauti, na msimwambie mpimaji. Majibu ya mifuko hiyo yakikaribiana, mpimaji anaaminika. Yakiachana sana, ulizeni sababu kabla ya kulipa au kununua chochote. Jaribio hili lifanyike pia kwa kifaa cha yule muuzaji, naye asione vibaya, kwani anayeuza kitu kizuri haogopi kupimwa.

6. Maswali ya kuuliza ndani ya maabara

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kila mjumbe apewe angalau swali moja la kwake:

1. Mashine hii inasoma nini vizuri, na nini haiwezi kusoma?
2. Mifano iliyoifundisha kompyuta ilitoka wapi? Je, upo udongo au mazao ya nyanda za juu za Mbulu?
3. Inapokosea, hukosea upande gani, na nani anapata hasara?
4. Umeme ukikatika au kipuri kikiharibika, fundi anatoka wapi na baada ya muda gani?
5. Majibu yatatufikia kwa njia gani, kwa lugha gani, na lini?
6. Taarifa zetu zitahifadhiwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzitumia?

Swali la tano lina historia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha ukanda wetu, wageni walichukua udongo kwenye mashamba ya kikundi cha akina mama. Walipiga picha, wakaandika majina, wakaahidi majibu kabla ya msimu. Majibu hayakurudi. Hasara haikuwa udongo, maana udongo upo. Hasara ni kwamba kikundi kile kilipoombwa tena kushiriki katika kazi nyingine, yenye manufaa ya wazi, kilikataa. Ahadi isiyotimizwa na mgeni mmoja hulipwa na wageni wote wanaofuata.

Swali la sita sasa lina sheria nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomhusu. Pia utafiti unaofanywa nchini na watafiti wa kigeni huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na utafiti wa afya ya binadamu huhitaji ithibati ya maadili, ambayo kitaifa hutolewa kupitia NIMR. Kuomba kuonyeshwa kibali si utovu wa adabu. Karani wa kamati aandike namba yake kwenye daftari.

7. Baada ya kurudi

Safari haijaisha basi linaposhusha abiria. Ndani ya siku 14 wajumbe wafanye mambo matatu. Kwanza, watoe taarifa ya kurasa mbili: tuliyoyaona, tusiyoyaelewa, tunayopendekeza. Pili, waeleze mbele ya mkutano wa kikundi, na mama mkulima aanze kusema, si mwenyekiti. Tatu, wapange jaribio dogo la shamba moja: kipande kimoja kifuate ushauri wa maabara, kipande cha jirani kilimwe kama kawaida, kwa mbegu ile ile na siku ile ile ya kupanda. Mavuno ya vipande viwili yapimwe kwa debe moja.

Jaribio hilo ndilo litakaloamua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, kimetoa mbegu za maharage ambazo wakulima wengi wa kaskazini wanazifahamu kwa majina, kama Selian 97. Wakulima hawakuzipokea kwa sababu ya jengo la maabara. Wamezipima shambani na jikoni: zinazaaje, zinaivaje, zinauzikaje.

8. Neno kwa wafadhili

Marafiki zetu, tunashukuru kwa moyo wenu wa kutusaidia kupata vifaa. Tunaomba mfikirie pia gharama zisizopendeza kwenye picha: nauli ya kurudisha majibu kijijini, kutafsiri taarifa kwa Kiswahili, na posho ya afisa ugani kuja mara ya pili na ya tatu. Kifaa kinaweza kufika kwa siku moja. Majibu yasipofika kwa mwenye shamba, kifaa hicho kitabaki mapambo ya ofisi. Mradi wowote wa aina hii utakaopita ofisini kwetu utakuwa na fungu la kurudisha majibu ndani ya bajeti yake, nasi tutalitolea hesabu kama mafungu mengine.

Kuhusu kifaa cha mkononi, ushauri wa ofisi kwa kamati ya Tumati ni huu: msinunue bado. Fanyeni safari, fanyeni jaribio la mifuko miwili, pimeni mavuno ya msimu mmoja. Msimu mmoja wa kusubiri una gharama yake, lakini ni ndogo kuliko kulipia mashine itakayowaelekeza kununua mbolea isiyohitajika.

Maswali ya majadiliano katika kamati

1. Ni tatizo gani moja la mashamba yetu ambalo tungependa maabara itusaidie kulielewa?
2. Je, kuna utafiti uliowahi kufanyika katika usharika wetu? Majibu yalirudi? Nani anayo nakala?
3. Mkipewa nafasi tano za safari, mtawachagua akina nani, na kwa sababu gani?
4. Katika mfano wa watu 1,000, ungewaeleza nini wale 79 walioambiwa wanaumwa ilhali ni wazima?
5. Ni nani atakayetunza daftari la sampuli, vibali na majibu?

Kamati zitakazojadili somo hili zinaombwa kuandika majibu ya swali la kwanza na la pili na kuyaleta ofisi ya miradi kabla ya mwisho wa robo. Yatatusaidia kupanga ni sharika zipi zianze.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi